Pale Kisahani Kinapopotea

Miaka kumi na minne nimemshikia kamba
Daktari Nyanjige, ng'wana Lugodisha.
Kisahani cha bati, robo nyeupe, robo nyeusi,
tunakishusha majini nje ya Igogo
hadi macho yasikione, tunasoma fundo,
tunaandika kwa penseli, maana wino hulia ukilowa.

Hiyo ndiyo kazi: kupima mwanga
unashuka hadi wapi kabla haujakata tamaa.

Mwaka ule Mirongo ulishusha povu la rangi ya chai
na furu wakaelea matumbo juu kule Kirumba,
aliandika ripoti. Ikaenda. Akaandika ya pili.
Ya tatu ilirudi imefungia maandazi.
Niliyanunua mwenyewe, nikasoma jina lake
kupitia mafuta. Nikampelekea.
Akacheka mpaka akavua miwani.
Kisha hakucheka.

Chama kilichomchukua kilikuwa na viti sita
na bendera moja, juu ya duka la magodoro.
Fomu ikamuuliza: uzoefu wa uongozi?
Akajaza: mashua moja, watu watatu, hakuna aliyezama.

Viwanja vya Furahisha, jua la saa nane.
Watu walikuja, wengine kwa ngoma, wengine kwa kofia.
Tungaraza, kijana wa kampeni, alikuwa amemwandikia:
NITACHIMBA VISIMA ELFU KUMI, tulia, subiri makofi.
Akapokea kipaza sauti kama apokeavyo chupa ya sampuli,
akakigeuza kuona kama kina ufa.
"Visima," akasema, "ni kati ya elfu nne na elfu sita,
mvua zikiwa za kawaida. Zisipokuwa, punguzeni."

Kimya. Mtu akapiga mluzi.
Mama mmoja wa Mwaloni, ndoo ya dagaa kichwani:
"Na bei ya mafuta ya mashua itashuka lini?"

"Sijui."

Loo, uwanja ulivyoangua kicheko!
Tungaraza akajifunika uso kwa kofia ya chama.
Yule mama peke yake hakucheka.
Alitua ndoo, akajifunga kanga upya,
akasimama kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa
na mtu anayelitamka sawasawa.

Wakambandika jina, Mama Chupa.
Geita, Bunda, Kahama, lilitutangulia njiani.
Usiku, nyumba za wageni, anafua blauzi ile ile,
anauliza hapa maji mnachota wapi,
anaandika.

Sasa niseme lisilosemeka.
Siku ya kura, shule ya msingi, Mkuyuni,
nilisimama ndani ya kituturi,
picha yake ikinitazama, miwani imepinda kidogo,
nikawaza: akienda Dodoma, kamba nitamshikia nani?
Nani mwingine anajua fundo la tatu huteleza?
Kalamu ikashuka. Ikampita.
Ikamwekea alama mwingine, hata sura yake siikumbuki.
Usinihukumu haraka.
Au nihukumu.

Kituoni kwetu alipata kumi na tisa.
Akainakili namba daftarini, na tarehe, na saa,
upepo wa kusini mashariki, mawingu nusu ya anga.
"Sampuli ndogo," akasema, basi.

Jumatatu tulikuwa majini.
Magugu yalikuwa yamehama usiku, yameacha njia,
na yale mawe ya Mwanza yamebebana nyuma yetu
kama kawaida yao, bila kuanguka, bila kueleza.
Akaachia kisahani. Cheupe kikawa kijani,
kijani kikawa kivuli cha kijani.

"Bahame," akasema, macho yake majini,
"wa kwetu pale Mkuyuni niliwahesabu mmoja mmoja.
Nilipata ishirini."

Kamba ikanichoma kiganja.

"Makosa ya kipimo," akasema. "Hutokea."
Injini imezimwa. Mawimbi madogo, tap, tap, ubavuni.
Fundo la kwanza. La pili. Lile la tatu linaloteleza.
"Kimepotea?"

"Bado," nikasema.
"Bado nakiona."